Nyumba ipo mpakani, LUKU inakata kila mwezi: kodi yangu ya majengo inakwenda halmashauri ipi?

#1 Mpakani Kabisa
Wakuu, habari za jioni.

Nina nyumba huku mwisho wa Dar, pale Dar inapogeuka Pwani bila kuaga. Mtaa sitaji, ni mdogo, tutajuana. Nilijenga 2015. Karatasi ya mauziano ya kiwanja ina muhuri wa serikali ya mtaa ya upande wa Dar. Mwaka 2022 kwenye zoezi la anwani za makazi walikuja vijana wakapigilia kibao ukutani, postikodi inaanza na 1. Wiki tatu baadaye wakaja wengine na kibao chao, postikodi inaanza na 61. Vyote viwili vipo mpaka leo, nimeshavizoea kama picha za ukutani.

Sasa kila nikinunua umeme wa LUKU (ule wa kulipia kabla) mwanzo wa mwezi nakatwa kodi ya majengo. Sina ugomvi na kukatwa. Ugomvi wangu ni mtaro. Umeziba mbele ya nyumba, masika mbili sasa maji yanaingia hadi barazani. Mwenyekiti wa mtaa upande wa Dar anasema ule mtaro si wake. Wa upande wa Pwani ananiambia nisimsumbue, kodi yangu wanakula watu wa mjini.

Swali ni moja tu. Hela ninayokatwa inahesabiwa kwa nani?

#2 Chai ya Rangi
Kiti cha mbele nimeshachukua. Buku moja ya kodi kwa mwezi ndiyo unataka kuzibuliwa mtaro mkuu? 😂

#3 Mpangaji Mnyonge
Wewe una nafuu, unalipia nyumba yako. Mimi nimepanga chumba na sebule, mita ipo jina la mwenye nyumba, na kodi nakatwa mimi. Nilimwambia anirudishie au apunguze kwenye kodi ya pango, akanijibu "umeme si unatumia wewe?" Nikanyamaza. Kutafuta chumba kingine na dalali wa mwezi mmoja si mchezo.

#4 Pwani Oyee
Mleta uzi, jibu ni rahisi. Kodi ya majengo ni ya halmashauri. Ukiwa Dar inakwenda Dar, ukiwa Pwani inakuja kwetu. Tatizo lako ni kung'ang'ania Dar wakati uko Pwani. Karibu nyumbani, tuna hewa safi.

#5 Fundi Tairi
#2 si buku tena. Buku ilikuwa ilipoanza kukatwa kwenye LUKU Agosti 2021. Tangu bajeti ya 2023/24 ni 1,500 kwa mwezi nyumba ya kawaida, yaani 18,000 kwa mwaka. Ghorofa mijini 7,500 kwa mwezi kila sakafu, 90,000 kwa mwaka. Angalia risiti zako, usiishi na bei za zamani.

#6 Chai ya Rangi
Sawa mkuu nimesahihishwa. Buku jero. Bado mtaro hauzibuki.

#7 Karani wa Zamani
Nimefanya kazi halmashauri miaka mingi, nimestaafu, kwa hiyo niacheni niongee kidogo.

#4 umekosea, ila si kosa lako, watu wengi wanaamini hivyo kwa sababu zamani ndivyo ilivyokuwa. Sheria ya ukadiriaji kodi za majengo ya mwaka 1983 iliipa mamlaka ya mji kutathmini jengo na kutoza. Tulikuwa na wathamini, tulikuwa na daftari la majengo, tulikuwa na vijana wa kupeleka hati za madai nyumba kwa nyumba wakitimuliwa na mbwa. Mwaka 2016 kazi ya kukusanya ikapelekwa mamlaka ya mapato, TRA. Baadaye tathmini ikawekwa pembeni, ikaja kodi ya mkupuo: 10,000 nyumba ya kawaida, 50,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mijini. Kisha 2021 ikaingizwa kwenye LUKU.

Kwa hiyo hela ya mleta uzi haiendi Dar wala haiendi Pwani. Inakwenda mfuko mkuu wa serikali. Sheria ya fedha ya 2023 ndiyo iliyosema asilimia 20 ya makusanyo irudi halmashauri. Piga hesabu: katika 18,000 yako ya mwaka, ya halmashauri ni 3,600. Hiyo 3,600 ndiyo mnayogombania wewe na wenyeviti wako wawili.

#8 Nasoma Tu
3,600 kwa mwaka. Hiyo ni chipsi kuku ya mtu mmoja na soda.

#9 Mpakani Kabisa
Asante Karani, umenifungua. Lakini swali linabaki. Hiyo 3,600 inarudi kwa nani? Mfumo unajuaje mimi niko wapi?

#10 Fundi Tairi
Mita. Kila mita imesajiliwa kwenye ofisi ya shirika la umeme, TANESCO, ya eneo. Ulipoomba umeme uliandika wapi?

#11 Karani wa Zamani
Fundi, hapo pana mtego. TANESCO wana mikoa yao. Kwao kuna Kinondoni Kaskazini na Kinondoni Kusini, mikoa ambayo kwenye ramani ya serikali huioni. Laini ya umeme inafuata transfoma na njia ya nguzo, haifuati mpaka wa mkuu wa mkoa. Nguzo yako inaweza kutoka upande huu na halmashauri yako ikawa ule. Ukigawa hela kwa ofisi ya umeme tu, wa mpakani wote wataangukia kwa jirani.

#12 Dalali Mwaminifu
Naongea kama mtu ninayeuza viwanja hayo maeneo. Mpaka unajulikana, watu wanajifanya hawaujui. Kiwanja cha Dar bei nyingine, cha Pwani bei nyingine, hata kama ni majirani wanaogawana ukuta.

#13 Chai ya Rangi
Dalali, jina lako na kazi yako havijawahi kukaa sentensi moja. Ninyi ndio mliomuuzia mleta uzi Pwani kwa bei ya Dar.

#14 Mama Vikoba
Mnacheka lakini hili jambo linauma. Kikundi chetu tuko kinamama watano, tuliomba mkopo wa asilimia kumi (ile nne kwa wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu). Watatu tunaishi upande mmoja wa barabara, wawili upande wa pili. Afisa maendeleo wa halmashauri ya kwanza akasema wanakikundi wote wawe wakazi wake. Tukaenda ya pili, hivyo hivyo. Tukawatoa wenzetu wawili tukatafuta wengine wa upande wetu. Kabla fomu hazijakamilika mikopo ikasimamishwa nchi nzima, ile ya Aprili 2023. Iliporudi 2024 tukaanza upya na barua mpya ya utambulisho. Wale wawili mpaka leo salamu zao ni za pembeni.

#15 Mpangaji Mnyonge
Pole Mama Vikoba. Hapo mpaka umevunja urafiki.

#16 Kijana wa Ng'ambo
Huku kwetu Unguja wala hayo hatuyajui, TAMISEMI yenu (wizara ya serikali za mitaa) haivuki maji. Sisi tuna mabaraza yetu ya manispaa, Mjini, Magharibi A na Magharibi B, na umeme tunanunua Tukuza. Lakini masuala ya mpaka yapo. Mjomba wangu alikuwa Magharibi, wakaigawa A na B, akaamka kwenye herufi asiyoichagua.

#17 Pwani Oyee
Karani nakubali somo la asilimia 20. Ila kuna jambo hujaligusa. Mtaro ni barabara, na barabara za mitaa si za halmashauri tena, ni TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) tangu 2017. Sasa hata hiyo 3,600 ikirudi, mtaro hauzibuliwi na mwenye 3,600. TARURA wana hela zao, mojawapo ile shilingi 100 kwa lita ya mafuta iliyoongezwa 2021. Mleta uzi anadai mlango usio wake.

#18 Karani wa Zamani
Umesema kweli, na hapo ndipo kidonda kilipo. Angalieni mfululizo: kodi ya majengo ikaenda, ushuru wa mabango ukaenda, barabara zikaenda TARURA, maji ya vijijini yakaenda kwa wakala wake, RUWASA, 2019. Machinga wakapewa vitambulisho vya 20,000 mwishoni mwa 2018, ushuru wao wa kila siku ukakoma. Ushuru wa mazao ulikuwa asilimia 5, ukashushwa 2017 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula. Nasema hivi si kwa kulalamika kwamba kila kimoja kilikuwa kibaya, mkulima alipumua, machinga alipumua. Lakini diwani wa kata bado anaulizwa mtaro, taa, zahanati na madawati kama vile bado ana kapu lilelile.

Halafu kumbukeni hii si mara ya kwanza. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa kabisa, mambo yote yakawa ya mikoa na wilaya. Miji ikarudishiwa mabaraza 1978 kwa sababu takataka na kipindupindu vilikuwa vimeshinda, na sheria za 1982 zikarudisha nyingine zote. Kwetu serikali ya mtaa ni kama kuku wa kienyeji, anafungiwa, anafunguliwa.

#19 Fundi Tairi
Mzee Karani unaandika kama kitabu lakini tunasoma. Swali la pembeni: mimi karakana yangu ipo barabarani, huu mwaka wa pili wanakuja watu wa halmashauri mbili kudai ushuru wa huduma. Asilimia 3 ya mauzo nitaiweza wapi?

#20 Mama Vikoba
Si 3, kwa miaka ilikuwa 0.3. Sifuri nukta tatu.

#21 Fundi Tairi
Duh. Kumbe aliyekuja mara ya kwanza alitaka kunimaliza. Asante mama.

#22 Karani wa Zamani
Fundi, leseni ya biashara imeandikwa halmashauri gani? Aliyekupa leseni ndiye wa kukudai. Mwingine mwonyeshe leseni na stakabadhi. Na usimpe mtu hela mkononi. Siku hizi kuna namba ya malipo na mashine ya POS, asiyekuwa navyo mpe chai aende.

#23 Chai ya Rangi
Chai imetajwa, nimeitika.

#24 Mwana Chamazi
Naona watu wengi wanachanganya. Sisi tumepata mpaka mpya 2025, Chamazi imetoka Mbagala. Wenzetu wa Kivule wametoka Ukonga. Sasa tutakuwa na bajeti yetu, tutaacha kuchangiwa na kila mtu.

#25 Karani wa Zamani
Hongera, lakini hilo ni jimbo. Tume ya uchaguzi iligawa majimbo manane mapya Mei 2025, yakafika 272. Kipimo chao kilikuwa idadi ya watu, laki sita kwa jimbo la mjini, laki nne kijijini. Halmashauri yako bado ni Temeke ileile na bajeti ni ileile. Mnagawana mbunge, hamgawani sanduku la fedha.

#26 Mwana Chamazi
Na mfuko wa jimbo je? Ule wa sheria ya 2009?

#27 Karani wa Zamani
Huo ndiyo, unakwenda kwa jimbo. Umenibana kidogo hapo 😀. Lakini ni mdogo ukilinganisha na bajeti ya manispaa.

#28 Nasoma Tu
Naomba kueleweshwa taratibu. Kuna mpaka wa jimbo, wa halmashauri, wa wilaya, wa mkoa, wa kata, wa mtaa na wa TANESCO. Mleta uzi amekosea upi?

#29 Dalali Mwaminifu
Hajakosea wowote. Amekaa kwenye yote.

#30 Mjomba wa Kisumu
Habari zenu kutoka Kenya. Msidhani sisi tuko sawa. Kwetu Katiba ya 2010 iliwapa kaunti kodi ya majengo na ardhi moja kwa moja, haipitii Nairobi ikarudi asilimia. Lakini zinavyotoza ni hadithi nyingine. Nairobi yenyewe kwa miongo ilitumia daftari la thamani la miaka ya 1980, na kilichotozwa ni thamani ya ardhi tupu. Ukijenga ghorofa ishirini au kibanda cha mabati, ardhi ni ileile.

Na mpaka? Maseno mpaka leo Kisumu na Vihiga tunavutana nani akusanye ushuru sokoni. Kubadilisha mpaka wa kaunti kunahitaji tume huru na theluthi mbili ya mabunge yote mawili. Kwa hiyo kila mtu anaimba na hakuna anayesogeza jiwe.

#31 Pwani Oyee
Mjomba karibu. Kwetu ni tofauti, Katiba ibara ya 2 inampa Rais mamlaka ya kugawa mikoa na wilaya. Februari 2021 tulilala na Halmashauri ya Jiji la Dar, tukaamka imevunjwa na Ilala ndiyo Jiji. Kura yoyote ya mabunge mawili hatukuihitaji.

#32 Mjomba wa Kisumu
Haraka kama hiyo ina uzuri wake na ubaya wake, nyamaza tu 😅

#33 Binti Goba
Nina nadharia yangu. Mipaka inachorwa kwa kufuata ghorofa. Tazama Kinondoni ilipogawanywa kupata Ubungo. Masaki, Oysterbay, Mikocheni zilibaki Kinondoni. Ubungo ikapewa sisi wa milimani, Goba, Mbezi, Kibamba, na vumbi letu. Ghorofa ndizo kodi.

#34 Fundi Tairi
Nadharia nzuri ila kodi ya majengo ilikuwa imeshaondoka halmashauri mwaka huohuo wa 2016, Karani kasema #7. Wangefuata ghorofa za nini?

#35 Binti Goba
Ghorofa zina maduka chini, maduka yana leseni, leseni ni ya halmashauri. Na vibali vya ujenzi je? Usinijibu haraka.

#36 Karani wa Zamani
Binti ana hoja nusu. Nusu nyingine ni jiografia, huwezi kukata Masaki uiunganishe na Kibamba. Halafu mnasahau ardhi. Dodoma ilipopanda juu ya majiji yote kwa mapato ya ndani, haikuwa kwa ghorofa, ilikuwa kuuza viwanja watumishi walipohamia. Viwanja vinaisha. Ghorofa hubaki.

#37 Pwani Oyee
Ndiyo maana nasema Pwani tuna akiba. Mnakuja wenyewe mmoja mmoja.

#38 Mpakani Kabisa
Wakuu narudi na taarifa. Leo nilipata muda, nikaenda na vibao vyangu vyote viwili kwenye picha ya simu.

Ofisi ya kwanza (sitaji) kijana aliniuliza nambari ya mita, akaiandika kwenye daftari, akasema nitapigiwa. Ofisi ya pili mama mmoja mstaarabu alinitolea Tangazo la Serikali la mpaka, nakala ya nakala. Nilisoma mwenyewe. Mpaka unaanzia darajani, unafuata mto mpaka mahali unapokutana na barabara ya zamani.

Barabara ya zamani ni ipi hakuna anayejua. Na mto, mvua za El Niño za mwisho wa 2023 ulihama. Uliacha mkondo wake ukapita nyuma ya msikiti. Nikimfuata mto wa zamani niko Dar. Nikimfuata wa sasa niko Pwani. Mtaro unaoziba ndiyo uliokuwa mto.

#39 Chai ya Rangi
Subiri kidogo. Mtaro si mtaro. Ni mto uliostaafu.

#40 Karani wa Zamani
Mpaka ulioandikwa kwenye tangazo haupaswi kuhamahama na maji. Unaangaliwa mto ulivyokuwa siku ya tangazo. Kwa hiyo uko Dar.

#41 Dalali Mwaminifu
Mzee naheshimu, lakini mpima ramani atapima anachokiona. Akija leo ataona maji nyuma ya msikiti. Yuko Pwani.

#42 Mwana Chamazi
Kuna njia ya tatu. Novemba 2024 kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa ulipiga kura wapi? Hapo ndipo unapohesabiwa.

#43 Mpakani Kabisa
Nilijiandikisha upande wa Dar. Mke wangu alijiandikisha Pwani kwa sababu kituo kilikuwa karibu na genge lake. Wote tulikubaliwa.

#44 Mama Vikoba
Eti wote walikubaliwa 😂😂 na sisi kikundi cha watu watano tulikataliwa.

#45 Mpangaji Mnyonge
Nimefuatilia uzi huu siku tatu, nimepata ujasiri. Jana nilimpelekea mwenye nyumba risiti zote za mwaka, 18,000, nikamwambia aikate kwenye kodi ya pango. Akasema yeye amezidi miaka sitini, mzee ana msamaha wa kodi ya majengo kwenye nyumba anayoishi.

#46 Karani wa Zamani
Anayoishi. Nyumba anayoishi mwenyewe. Anaishi humo?

#47 Mpangaji Mnyonge
Anaishi Tabata.

#48 Karani wa Zamani
Basi rudi.

#49 Fundi Tairi
Mpangaji ukirudi chukua mtu mwenye mwili kidogo. Mleta uzi, na mtaro?

#50 Mpakani Kabisa
Jumamosi tunachimba wenyewe, majirani wa pande zote mbili, kila nyumba elfu tano na jembe. Mwenyekiti wa Dar amesema atakuja kufungua. Wa Pwani naye amesema atakuja kufungua.

#51 Nasoma Tu
Na udongo mtautupa upande upi?